Namba ya Kwa Mama Simu

Uingereza inazima simu za mezani za waya wa shaba. Mwisho ni Januari 2027; baada ya hapo simu ya nyumbani itapita kwenye intaneti, la sivyo haipo. Basi siku hizi nikikaa na wazee wa Kiingereza hapa Coventry, maongezi yanaishia huko huko: kila mmoja anataja namba ya simu ya kwao utotoni. Wanazitaja kwa mahadhi, kama watoto wa madrasa na alifu-bee zao. Jirani yangu, bibi mzaliwa wa mji huu huu, atakusimulia mpaka historia ya namba yenyewe: 0203 ya Coventry ikawa 01203 mwaka 1995, kisha mwaka 2000 ikaja 024 na 76 nyuma yake. (Mzanzibari akipewa namba ya Coventry lazima aiangalie mara mbili, maana 024 ni ya kwao pia.)

Nami ninayo yangu. Tanga, 053 ya enzi hizo, kisha tarakimu tano. Siiandiki hapa kwa sababu ndiyo neno langu la siri la mambo mengi, na najua wengi wenu mmefanya hivyo hivyo. Lakini kuna jambo wazee hawa huwa hawalipati mpaka nilirudie: namba ile haikuwa ya nyumbani kwetu.

Ilikuwa ya nyumba ya nne kutoka kwetu, Ngamiani, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Baba mwenye nyumba alifanya kazi bandarini, na mkewe mtaa mzima tulimwita Mama Simu, mbele yake na nyuma yake, na yeye akiitika. Namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu yangu ya shule, kwenye barua za mjomba wa Mombasa, na kwenye karatasi aliyokunja kaka yangu alipokwenda Dar kutafuta kazi.

Ndiyo maana sipendi tunavyoiga huzuni ya Waingereza neno kwa neno. Nasoma wenzetu wa ughaibuni wanaandika "tulivyokuwa tukipigiana simu za mezani enzi zile". Nani alikuwa nayo? Mwaka 1990 Uingereza ilikuwa na laini zaidi ya arobaini kwa kila watu mia. Tanzania haikufikisha hata moja kwa watu mia hao. Ukiondoa ofisi, mashamba ya mkonge na nyumba za wakubwa, mtaani inabaki ngapi? Waingereza wanalilia kifaa cha familia, kilichokaa ukumbini kwao, na namba iliyochapishwa kwenye kitabu cha simu pamoja na jina la baba. Sisi tulikuwa na simu ya mtaa.

Na simu yenyewe ililindwa. Ilikaa juu ya kigoda pembeni mwa ukumbi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kwenye duara la kuzungushia namba palining'inia kufuli dogo la shaba ili asije mtu akapiga bila ruhusa. Kufuli hilo halikuzuia kitu. Vijana wa mtaani waligundua kwamba ukikigonga kile kidude cha kuwekea mkonga mara nne upesi upesi, mtambo unahesabu nne. Sifuri ni mara kumi. Sasa piga hesabu: kuipata Dar, 051 wakati huo, ni kugonga mara kumi, mara tano, mara moja, na bado hujaanza namba ya mtu. Ukiteleza mara moja unampata muuza mbao. Bili ilipokuja, Mama Simu alisimama barazani akasoma namba moja moja kwa sauti, na wenye hatia walijulikana kwa kuondoka mapema.

Kupokea kulikuwa bure, na huko ndiko kazi yetu watoto ilikokuwa. Simu inalia, Mama Simu ananyanyua mkonga: "Haloo! Nani mwenzangu?" Waingereza wa zamani wao walipokea kwa kutaja namba yao wenyewe, jambo ambalo mpaka leo naona ni la ajabu, anayepiga si anaijua? Basi mpigaji anajitambulisha, anasalimia, anaulizwa hali ya watu wote wa kwake, ndipo anasema anamtaka nani. Anaambiwa akate, apige tena baada ya robo saa. Mtoto aliye karibu anatumwa: "Kimbia kamwite mama yako, kaka yako yuko Dar kwenye simu." Ukikimbia unapita barabara nzima, na barabara nzima inajua kaka kapiga. Mama akifika na khanga begani anakuta watu wawili watatu wameshakaa barazani, eti wanapumzika.

Simu ya usiku ilikuwa nyingine. Mama Simu hakutuma mtoto. Alikuja mwenyewe, na mumewe nyuma yake, na hodi yao ilitosha.

Nilipofika huku mwishoni mwa miaka ya 1990, nikawa mimi ndiye mpigaji. Kulikuwa na kadi za kukwangua, unanunua duka la Mhindi kwa pauni tano, unabonyeza msururu wa namba mpaka kidole kinachoka, sauti inakutangazia dakika ulizonazo. Hizo dakika zilikuwa za uongo, lakini tuache. Kwa bei ile hukati ukapiga tena, maana kuunganishwa kwenyewe kulikuwa bahati. Kwa hiyo mkonga uliwekwa juu ya kigoda, mtoto akatumwa, na mimi nikabaki nasikiliza ukumbi wa watu kwa pesa yangu: kuku, redio, mtu anauliza chumvi iko wapi. Mama akifika anahema, dakika zimebaki za kuulizana hali tu. Mwenzangu mmoja, Mwingereza wa kazini, aliniambia huo ni mfumo mbovu kabisa. Ulikuwa mbovu. Ila aliposema kwao simu ilikuwa nzuri zaidi kwa sababu ya faragha, nilimuuliza mara ngapi kwa wiki alipigiwa na mtu asiye wa ukoo wake. Akacheka, hakujibu.

Sitaki kuipamba faragha wala kuitukana. Mama yangu asingechagua mtaa ujue kwamba sijatuma pesa miezi miwili, na ulijua. Msichana akipigiwa na mvulana ilikuwa kesi ya wiki. Vodacom walipoanza mwaka 2000 na simu za mkononi zikashuka bei mpaka mtu wa kawaida akamudu, mama alipata yake, na sikumsikia hata siku moja akiikumbuka ile ya jirani. Ila Mama Simu na mimi tuliacha kusalimiana. Hakuna ugomvi. Salamu zilikuwa zinapita njiani kuelekea kwa mama, na njia ikahama. Kwa miaka ile ya kadi alikuwa akiniuliza kuhusu mitihani yangu kuliko shangazi zangu wa damu. Hili ndilo nililolipoteza, na wazee wa Coventry hawana la kufanana nalo, hata wakiwa na haki ya kuisikitikia simu yao.

Kuna jambo moja tu tunalingana. Waya wa shaba ulikuja na umeme wake kutoka kwenye mtambo wa simu, ambako kuna betri. Ndiyo maana wakati wa mgao Tanga ikiwa giza tupu, simu ya Mama Simu ililia kama kawaida, isipokuwa wezi wawe wameshakata waya wakauze shaba. Jirani yangu bibi naye hofu yake ni hiyo: simu mpya inategemea kisanduku cha intaneti kilichochomekwa ukutani, umeme ukikatika kinazima, na kile kitufe anachovaa shingoni cha kuitia msaada akianguka kinapita humo humo. Wengine wanamwona mzee mkaidi. Mimi niliyekulia na mgao naona anauliza swali la maana.

La namba kichwani nalo si la kukumbuka ya zamani tu. Tanzania kila mwenye simu ameshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huku matapeli wanaandika kwa Kiingereza, "Mama, simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba yangu mpya", kisha linafuata ombi la pesa, na wazazi wa Kiingereza wametuma. Mbinu zote mbili zinalishwa na kitu kimoja: hakuna tena anayejua namba ya mtu wake, tunajua jina lililoandikwa kwenye kioo. Mama yangu hawajampata mpaka leo. Namba za wanawe wote anazo kichwani, anazisema mbili mbili, na ukimpigia kwa namba ngeni anakuhoji mpaka jina la kuku tuliyemfuga.

Wanangu wamezaliwa hapa na hawakujua namba hata moja, pamoja na yangu. Nimewakalisha. Wameshika ya mama yao, yangu, na ya bibi yao Tanga. Nilianza kuwafundisha ya bibi kama tunavyoitaja sisi, na sifuri mbele. Binti yangu akaenda kuipiga kwenye simu ya mezani, mashine ikamjibu kwamba namba haitambuliki, akaja kuniambia bibi hayupo kwenye mtandao. Kwa hiyo mlioko nje, wafundisheni moja kwa moja na 255 badala ya ile sifuri, na kwa simu ya mezani ya Uingereza watangulize 00.