Mama mkwe hakuungua, acheni uongo

Najua mmeshasoma posti ya yule jamaa aliyekaa kiti cha nyuma cha gari langu, kwamba mama mkwe wangu aliungua njiani, yenye picha yangu nimelala uvunguni mwa gari. Eti nalia. Sikuwa nalia, nilikuwa natafuta kiatu. Sikilizeni ya mwenye gari.

Gari langu ni Toyota Noah zile za zamani, toleo la SR40, injini iko chini ya viti vya mbele. Hilo mlishike.

Ijumaa niliona matone ya kulanti, yale maji ya kupoza injini, kwenye mpira wa juu wa rejeta (bomba la kupitishia maji hayo), pale unapovaa shingo ya injini. Mpira wenyewe mzima, haujapasuka. Mwenye akili angeuchomoa, akasugua kwa msasa laini ule ukoko mweupe shingoni, maana ndipo maji yalipokuwa yanapenya, akarudisha klipu, yaani kibanio cha mpira, ileile ya springi iliyotoka kiwandani. Springi inaufuata mpira: ukitanuka kwa joto inaachia, ukisinyaa inabana. Mimi nikaitupa, nikasema imechoka.

Nikaenda dukani kutafuta ya skrubu. Mpira wangu kwa nje una milimita 40, kwa hiyo klipu yake ni ya kubana milimita 32–50. Zimeisha. Nikachukua ya 40–60. Si 40 imo? Imo ndugu zangu, ila ukingoni. Klipu ikifika mwisho wa kukaza haikai duara, inakuwa kama yai, na chini ya kichwa cha skrubu panabaki uwazi. Dawa yangu ikawa kukaza. Spana ya 7, kaza, kaza tena, mpaka mpira ukaanza kuchungulia kwenye matundu ya utepe. Na ili uingie kirahisi nilikuwa nimeupaka grisi, wakati maji matupu yangetosha na grisi huuvimbisha mpira. (Mafundi mnaocheka huko, nawaona.)

Jumamosi, safari ya Iringa kwenye send-off. Mama mkwe kiti cha mbele.

Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukaanza kupanda mlima Kitonga kwa gia ya pili, nyuma ya lori. Kona ya kwanza mama akasema, "Mwanangu, kiti hiki kina joto." Nikamjibu, "Iringa kuna baridi mama, otea kabisa." Kona ya tatu ikaja harufu tamutamu, kama sharubati iliyoungua. "Huku chini pana kitu kinachemka." Nikatupia jicho geji ya joto: mshale umeshavuka nusu. Nikanyamaza. Ikasikika sss, ndogo, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mama akaacha kutafuna karanga. Pembeni ya kitenge chake, upande wa mlangoni, ukachomoza uzi mmoja wa mvuke, ukapanda taratibu, ukapita begani, ukafika kwenye kilemba. Kisha ukachomoza wa upande wangu. Nikawa natafuta maneno ya heshima ya kumwambia mama mkwe ainuke nifunue alipokalia. "Mama, samahani, naomba..."

Pwaa!

Mpira ukachomoka, mvuke ukatoka pande zote za kiti, na katikati yake mama mkwe amekaa wima na mkoba mapajani, anafuka kama chetezo.

Hakuungua. Aliruka, kiatu kimoja kikaingia uvunguni. Ndicho hicho cha kwenye picha.

Tukasubiri kama dakika 40. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto: maji yaliyobanwa humo yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, ukilegeza tu yanakurukia usoni. Utingo wa lori akaitazama klipu yangu, akauliza, "Braza, hii umeitoa kwenye Fuso?" Akakata ncha ya mpira iliyolika, akafuta grisi, akasugua shingo, akafunga ya 32–50 kutoka kwenye boksi lake, nyuma ya ule ukingo wa shingo uliotuna na siyo juu yake kama nilivyofunga mimi. Tukajaza maji, tukawasha, tukaondoka. Iringa tumekuta keki imeshaliwa.

Mama mkwe amerudi kwa basi. Nimeambiwa kabla ya kuchagua siti alimuuliza konda injini iko wapi.