Tramu ikifika kwa wakati, nani anashukuru?

Mwaka wangu wa kwanza hapa Leipzig, Ujerumani, niliacha kusema "Mungu ni mwema" na wala sikugundua kwamba nimeacha. Imani nilikuwa nayo. Nilikosa tu mahali pa kulisema. Kwetu Machame, Kilimanjaro, lilinitoka mara kumi kwa siku: umeme umerudi, Mungu ni mwema, maji yametoka, Mungu ni mwema, basi la Arusha limetufikisha salama na tairi zake zile vipara, tumshukuru Mungu. Hapa umeme haukatiki. Tramu imeandikiwa saa 1:14 asubuhi, na saa 1:14 hiyo hapo. Nimshukuru nani, dereva?

Ndugu wakinipigia husema, "Pole mwanangu, huko Ulaya hakuna Mungu." Zamani nilikuwa naitikia. Siku hizi nabisha, ingawa kubishana na mama mkubwa kwa simu ni kumaliza vocha bure.

Nabisha kwa sababu nimeanza kutilia shaka kile tulichokiita kumwona Mungu. Mara nyingi tulikuwa tunashukuru kwamba mtu fulani kazembea na sisi hatukufa. Lile basi halikuhitaji muujiza, lilihitaji tairi. Tumemgeuza Mungu fundi wa dharura, anaitwa kitu kikiharibika. Basi mtu wetu akifika mahali ambapo vitu haviharibiki, anaona kama Mungu alimuaga pale uwanja wa ndege wa KIA akarudi zake nyumbani.

Sisemi kwamba nyumbani hatumjui. Baada ya ibada ya Jumapili huwa kuna mnada wa sadaka za mazao. Mama kaleta yai moja. Mzee wa kanisa analinadi, mtu analinunua, halafu analirudisha linadiwe tena, na tena, huku watu wanacheka, mpaka yai lile limenunua bati za kutosha. Pale sina shaka ni nani alikuwa katikati yetu. Hapa ukijiandikisha manispaa unaulizwa dini yako, na ukisema Mlutheri, mshahara unakatwa kodi ya kanisa: asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. (Wachungaji wetu wakilisikia hili hawatalala.) Inakatwa kila mwezi bila kukosa, na mimi sijawahi kuihisi kuwa ni sadaka.

Na Injili yenyewe kwetu ilitoka mji huuhuu! Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Leo kwenye kanisa ninalosali tunakaa watu kama thelathini, wengi wazee, na tenzi nyingi wanazoimba nazijua tangu Shule ya Jumapili. Naziimba kwa Kiswahili kwa sauti ya chini. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Desemba naingia kazini giza na kutoka giza. Jua huchomoza saa 2 asubuhi na saa 10 jioni limeshazama. Yuko babu mmoja aliyekulia enzi za Ujerumani Mashariki, ile ya Wakomunisti. Siku ya kwanza alinitangazia kwamba hana dini, kama mtu anavyomweleza nesi kuwa dawa fulani inamdhuru. Zamu ya usiku namgeuza ubavu, nanyoosha shuka, nampaka mafuta visigino visichubuke. Hapo hakuna kilichoharibika kinachosubiri muujiza. Kuna ngozi ya mzee na mkono wangu, basi. Lakini ni hapo, na sijui nilisemeje bila kuonekana najifanya mtakatifu, ndipo nilipohisi tena kile nilichokuwa nakihisi kwenye mnada wa yai. Nilikaa miaka miwili nikikitafuta kwenye makanisa makubwa ya mjini, kumbe kiko chumba cha tatu kushoto.

Wiki iliyopita alfajiri babu alinikuta nanong'ona huku namfunika miguu.

"Unaongea na nani?"

Nikamwambia namshukuru Mungu kwamba leo amelala bila maumivu.

Akanyamaza, akaangalia dirishani, bado giza.

"Mwambie kweli nimelala vizuri," akasema. "Kama yupo."