Maji ya samaki msiguse

Jamani nimechoka. Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule, maji yanatoka Jumanne na Ijumaa, na hapo ni wiki yakiamua kuwa na adabu. Afu humo humo ndani kuna viumbe wawili wana lita 80 za peke yao. Themanini! Mimi kichwa cha familia naogea nusu ndoo, najimwagia kwa mahesabu, wao wanaogelea, wanajisaidia humo humo, na wananikodolea macho maana hata kope hawana.

Ilianza dogo alivyotoka wa tatu darasani. Nilijua ataomba baiskeli, akaomba samaki wa mapambo, nikamshukuru Mungu, samaki bei gani bana. Tumefika Kariakoo nikalipia goldifishi wawili fasta, muuzaji akaniangalia kwa upole, na tangi je? Na filta? Na pampu ya hewa? Na chakula chake? Kumbe wale samaki walikuwa chambo, aliyevuliwa ni mimi.

Siku ya nne akafa mmoja, ya sita mwenzie. Nikarudi dukani nimevimba, jamaa ananiuliza ati tangi ulisubiri likomae? Likomae ni embe? Ndo akanipa darasa, kwamba uchafu wa samaki unatoa amonia, hiyo ni sumu, wanatakiwa wawepo bakteria wa kuigeuza nitriti ambayo nayo sumu, afu waje bakteria wengine waifanye nitrati, hapo ndo nafuu, na hao wote wanachukua wiki nne mpaka sita kujaa kwenye sponji ya filta. Yaani nilitakiwa niwashe filta mwezi mzima, luku inakatika, tangi halina samaki, kuna kapunje ka chakula kanaoza tu humo, nasubiri wapangaji nisiowaona wahamie. Mimi mwenyewe hii nyumba nimehamia rangi haijakauka!

Tukavumilia, tukanunua wengine. Mama watoto kwa upendo wake akaona sponji imekuwa ya kahawia, akaitoa, akaifua kwa sabuni ya unga, akaianika kambani pembeni ya nguo za shule. Ikanukia vizuri kweli. Bakteria wa wiki sita wote wakawa wamefuliwa. Sponji inasuuzwa kwenye ndoo ya maji ya humo humo tangini, basi, sasa nani angejua?

Haya, maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo kila wiki nakinga ndoo ya lita 20, naiacha wazi siku nzima ipungue, afu ndo nabadilisha robo ya tangi. Ndoo inakaa koridoni, nimeiandika kwa maka peni MAJI YA SAMAKI MSIGUSE. Shemeji yangu, aliyekuja kwa wiki moja toka mwezi wa pili, kaiogea yote. Namuuliza hukuona maandishi? Ananijibu nilidhani utani, shem.

Tena huyu na goldifishi ni ndugu. Goldifishi hana tumbo la kuhifadhi chakula, kinapita utumboni moja kwa moja, kwa hiyo muda wote yuko kiooni anafungua mdomo kama hajala toka juzi. Wageni wananiona mkatili. Mama mkwe alivyokuja toka Ukerewe alishindwa kuvumilia, akawamegea ugali, maji yakawa uji. Nikamweleza kwa heshima kuwa wanakula punje chache tu, akacheka mpaka akakaa chini, akasema mwanangu, kwetu samaki ndo anatulisha.

Na kinachoniuma, wapo samaki wa Ziwa Tanganyika, kina frontosa, wanapakiwa Kigoma wanapelekwa Ulaya kwa ndege, huko mzungu anawatengenezea maji ya chumvichumvi za mawe ili wajione wako nyumbani. Samaki wa Kigoma kapanda ndege, mi Kigoma nafika kwa basi, nimevimba miguu. Na ninayemlisha hapa asili yake China.

Sasa juzi. Saa nane usiku umeme ukakatika, pampu kimya, samaki wako juu wanahema. Dogo analia. Nikajifunga kanga ya mama yake, simu nikaing'ata inimulike, nikashika jagi, nachota, nainua juu, namwaga ili hewa iingie, nachota, namwaga. Nisisinzie nikawa nahesabu kwa sauti, na simu mdomoni hizo namba sijui zilikuwa zinatokaje. Nimefika mia moja na kitu ndo nagundua pazia liko wazi, na mpangaji wa chumba cha uani kasimama dirishani na kopo lake la chooni. Hakusema kitu. Akarudi kinyumenyume.

Asubuhi kaniamkia shikamoo, na ni mkubwa kwangu. Jioni akabisha hodi, akavua viatu mlangoni, akakaa pembeni kabisa ya kochi, sauti ya chini, "Mzee, mi nina kesi ya kiwanja Mkuranga, naomba uniangalizie."

Nikamwambia kaka, wale ni samaki tu. Akatingisha kichwa taratibu, "Naelewa mzee, haya mambo hayasemwi," akaacha elfu kumi mezani akatoka.

Chakula cha samaki kilikuwa kimeisha toka jana.