"Uongo njoo, utamu kolea": historia ya taifa kwa masikio ya watoto

Msimulizi akisema "hadithi hadithi," watoto hujibu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Wanaopinga somo la Historia ya Tanzania na Maadili kufundishwa shule za msingi kwa masimulizi ya sauti yaliyorekodiwa wameishikilia kauli hiyo. Hadithi huukaribisha uongo, wanasema, na historia huufukuza. Ukivichanganya, mtoto wa darasa la tatu hatamtofautisha Kinjekitile, mganga wa Vita vya Maji Maji, na Sungura wa hadithi.

Hoja yao ina uzito. Mwigizaji akimtungia Kinjekitile hotuba, mtoto ataibeba mpaka uzeeni akiamini ndiyo iliyosemwa Ngarambe, alikoishi mganga huyo. Tena masimulizi hupenda shujaa asiye na doa. Mkwawa wa Lugalo, mtawala wa Wahehe aliyekiangamiza kikosi cha Mjerumani Zelewski Agosti 1891, anasikika vizuri spikani. Mkwawa aliyewavamia majirani zake Wasangu ni vigumu kumpigia ngoma. Na mtihani bado unaandikwa kwa kalamu.

Ila sidhani kama wamejiuliza habari za Vita vya Maji Maji, vile vya kuwapinga Wajerumani, zilitufikiaje. Habari za dawa ya Kinjekitile, maji ya kuzigeuza risasi, zilitembea kwa mnong'ono vijiji vya Umatumbi, na wazee waliukumbuka mnong'ono huo kwa jina lake, njwiywila. Aliyetaka kuusikia alilipa pesa mbili, sarafu ndogo za enzi hizo. Kwa masikio hayo watu walijiandaa hadi Julai 1905, pamba waliyolazimishwa kulima ilipong'olewa Nandete na vita vikaanza. Mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee waliokuwa hai, wakaandika walichoambiwa. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya maandishi juu ya vita hivyo ilitoka kwenye kalamu za waliovizima. Kwa hiyo anayesema maandishi ni safi na sauti ni chafu, kwa habari hii hasa, ameanzia mahali pasipo.

Kuna hesabu moja inayonisumbua kila nikifungua daftari la mtoto. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Watafiti wa baadaye wanataja 250,000 hadi 300,000. Kati ya hesabu hizo mbili kuna watu zaidi ya laki moja na nusu, na wengi wao hawakuguswa na risasi. Afisa mmoja wa Kijerumani, Wangenheim, aliandika kwamba njaa pekee ndiyo itakayowashinda watu hawa, na ndivyo ilivyofanyika: mashamba yalichomwa, maghala yakachomwa, chakula kikachukuliwa. Kusini njaa ile iliitwa fugufugu. Sasa tazama daftari: "Madhara: watu wengi walikufa." Basi. Hata ukimwandikia mtoto wa miaka tisa 300,000, ataona sifuri tano tu. Lakini akilisikia neno fugufugu kwa sauti ya bibi aliyelipokea kwa mama yake, ataanza kuelewa kwamba watu waliokufa walikuwa na jikoni, na jikoni hamkuwa na kitu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Waliokua enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana, na wanajua mtaa ulivyotulia kilipoanza.

Kwenye suala la uongo nawaunga mkono wapinzani, na ningewaomba wakae kwenye meza ya kuandaa masimulizi haya badala ya kubaki nje wakiyakataa. Maneno ya kuigiza yatangazwe kuwa ni ya kuigiza. Msimulizi aseme "wazee wa Ungoni wanasimulia hivi," kisha "afisa Mjerumani aliandika vile," na watoto wazisikie sauti hizo zikipishana. Habari za Mkwawa zisimuliwe Kalenga, yalikokuwa makao yake, zisimuliwe na Usangu pia. Kiswahili kina "inasemekana" na "nimehadithiwa", tuyatumie. Kitabu nacho kibaki mezani, hata pale kinapogombewa na madawati mawili.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la nne lenye watoto zaidi ya 90. Juma lililotangulia walikuwa wamenakili ubaoni sababu za vita hivi, moja mpaka tano, na hakuna aliyeuliza kitu. Siku hiyo mwalimu hakuwa na spika. Alitumbukiza simu yake kwenye sufuria tupu, sauti ikavuma, na watoto wa nyuma wakasogea mpaka wakakaa sakafuni mbele ya meza yake. Ikasimuliwa habari ya maji, mafuta ya mbarika na mtama, na watu walioamini risasi zingegeuka maji. Binti mmoja akanyoosha kidole.

"Mwalimu, wale wa mbele walipopigwa risasi wakafa, wale wa nyuma yao walifikiria nini?"

Mwalimu alisimamisha simu. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Hata mimi nataka kujua." Kisha akairudisha sauti nyuma, pale maji yalipoanza kugawiwa, wakasikiliza upya. Yule binti safari hii alikuwa ameshika kalamu.