Gitaa la stili sebuleni: kantri ya zamani na bei ya televisheni

Machi 1983 Wamarekani walizinduliwa chaneli ya kebo iliyoitwa The Nashville Network, TNN kwa kifupi. Kazi yake ilikuwa muziki wa kantri na maisha yanayouzunguka. Mwaka 2000 wenye mali waliliondoa katika jina neno "Nashville", jiji la Tennessee lililo makao makuu ya kantri, wakaweka "National" ili herufi zisibadilike, wakaleta mieleka, na kantri ikaonyeshwa mlango. Mwaka 2003 chaneli ikawa Spike TV, ya vijana wa kiume. Januari 2018 ikabatizwa upya: Paramount Network.

Juni mwaka huohuo chaneli hiyohiyo ikaanza kurusha Yellowstone, tamthilia ya familia ya wafugaji wa Montana wanaolinda ardhi yao kwa sheria, kwa fitina na kwa risasi. Ndani ya tamthilia hiyo zilisikika nyimbo za Tyler Childers wa Kentucky, Colter Wall wa Saskatchewan huko Kanada na Ryan Bingham, ambaye alipewa hata nafasi ya kuigiza. Fidla, gitaa kavu, gitaa la stili, lile linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, linalolia kama mtu aliyefiwa. Muziki uliotolewa kwa mlango wa mbele umerudi kwa mlango wa uani, ukiwa umebeba mizigo ya mtu mwingine.

Wapenzi wa kantri ya asili wamegawanyika juu ya kurudi huku. Wapo wanaoshangilia, wapo wanaosema muziki wao umegeuzwa pambo. Nadhani pande zote mbili zinasema kweli, ingawa si kwa uzito uleule.

Tuanze na redio, maana bila redio hoja ya televisheni haieleweki. Stesheni za kantri za Marekani zinaishi kwa kuogopa kidole cha msikilizaji. Wimbo ukiwa wa taratibu, ukiwa na kilio kingi au lafudhi nzito ya milimani, dereva atabonyeza kitufe na kuhama, na tangazo la biashara linalofuata litakosa masikio. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa miaka ile ya nyimbo pacha: pikapu, bia, msichana aliyevaa jinzi, mdundo wa kompyuta. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa stesheni hizo alisema hadharani kwamba nyimbo za wanawake zisifuatane hewani. Aliwafananisha wanawake na nyanya kwenye saladi ambayo majani yake ni wanaume. Watu walimcheka na kumtukana, lakini alikuwa anaeleza tu jinsi biashara ilivyoendeshwa.

Tamthilia haina hofu ya kidole. Mtazamaji ameshikwa na kisa. Anataka kujua nani atapigwa risasi na nani atarithi shamba. Hata wimbo ukiwa mzito kama jiwe, haondoki. Anayechagua nyimbo za tamthilia hajiulizi kama wimbo utapendwa na watu milioni asubuhi wakielekea kazini. Anajiuliza kama unafanana na sura ya mzee anayetazama ng'ombe wake jua likizama, na kwa kazi hiyo sauti ya zamani haina mshindani. Lainey Wilson, msichana wa Louisiana, alisikika katika Yellowstone kabla redio haijampa nafasi ya maana. Mwaka 2022 akaingia katika tamthilia yenyewe kama mwigizaji, na 2023 chama cha muziki wa kantri, CMA, kikamtangaza mtumbuizaji bora wa mwaka.

Ushahidi mzito zaidi ni wa usiku wa tarehe 4 Novemba 2015, katika tuzo za CMA zilizorushwa na kituo cha televisheni cha ABC. Chris Stapleton alikuwa fundi wa kuwaandikia wengine nyimbo pale Nashville, mtu wa ndevu na kofia ambaye nje ya jiji hilo wachache walimjua. Albamu yake, Traveller, ilikuwa imetoka Mei, ikaanzia namba 14 kwenye Billboard 200, chati ya albamu za Marekani, kisha ikapotea humo. Usiku ule alipanda jukwaani na nyota wa pop Justin Timberlake, wakaimba kama dakika nane. Aliondoka na tuzo tatu, na chati iliyofuata ilikuta Traveller namba moja. Redio ilikuwa na miezi sita ya kufanya hivyo na haikufanya. (Wahafidhina watanikumbusha kwamba wimbo mmojawapo wa usiku ule, Tennessee Whiskey, George Jones aliuimba mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kantri safi, na kwamba Stapleton ameutia soul, mtindo wa Wamarekani weusi, kiasi cha kuufanya wimbo mwingine. Nakubali. Lakini watu wangapi walimrudia Jones kwa sababu yake?)

Sasa upande wa pili, na hapa anafaa kuitwa marehemu Buck Owens. Katika miaka ya 1960 Owens alikuwa mfalme wa Bakersfield, California: magitaa makali ya umeme, stili isiyoomba radhi, jibu la wazi kwa Nashville iliyokuwa ikijaza vinanda vya orkestra kwenye kantri. Juni 1969 kituo cha CBS kilianza kurusha kipindi cha Hee Haw, yeye na Roy Clark wakiwa waongozaji. Muziki wa kweli ulikuwemo, tena mzuri, lakini ulipangwa katikati ya vichekesho vya washamba, ovaroli na marobota ya nyasi. Owens alikaa humo hadi 1986, akalipwa vizuri, na baadaye akakiri kwamba kipindi kile kiliigharimu heshima yake ya muziki. Mamilioni walimjua kama mchekeshaji mwenye gitaa jekundu, jeupe na buluu, na waliowahi kumsikiliza kwa makini wakawa wachache. Mwaka 1971 CBS ilifuta kwa mkupuo vipindi vyake vya mashambani, Hee Haw kikiwemo, ingawa kilikuwa na watazamaji wengi, kwa kuwa wenye matangazo walitaka vijana wa mijini. Kipindi kiliendelea miaka mingine ishirini na zaidi kwa kuuzwa stesheni moja moja, ila ujumbe ulikwisha kufika: kupendwa na watu hakutoshi kama si watu wale wanaotakiwa na muuza sabuni.

Kwa hiyo anayesema televisheni itautumia muziki huu kisha iutupe hazui. Imewahi kufanya hivyo, tena zaidi ya mara moja.

Hata hivyo kuna jambo moja lililobadilika, na kwangu ndilo linaloegemeza mizani. Mtazamaji wa Hee Haw alipata alichopewa, basi. Wa leo akisikia sekunde thelathini za Childers chini ya mazungumzo ya waigizaji, anautafuta wimbo kwenye simu kabla sehemu haijaisha, na dakika kumi baadaye yuko katikati ya albamu, hakuna ng'ombe wala bastola. Tamthilia imekuwa kibao cha njia. Muziki haulazimiki kuishi ndani ya kipindi kama Owens alivyolazimika kuishi ndani ya ovaroli. Kwa sababu hiyo, nikibanwa nichague, nitauunga mkono ujio huu, kwa shingo upande.

Shingo yangu iko upande kwa sababu ya picha. Televisheni haileti sauti tu. Inakuamulia sura ya anayeimba. Kofia, farasi, uzio wa mbao, mwanamume Mzungu mwenye ardhi na hasira. Banjo imetokana na vyombo ambavyo Waafrika watumwa walivikumbuka kutoka Afrika Magharibi, lakini kwa kuangalia Yellowstone huwezi kulihisi hilo. PBS, televisheni ya umma ya Marekani, ilijaribu kusahihisha: mfululizo wa Ken Burns wa 2019, saa 16 katika sehemu nane, uliieleza asili hiyo bila kumung'unya maneno. Kazi nzuri, ingawa inaufanya muziki usimame kimya kidogo, kama kitu kilichowekwa nyuma ya kioo. Johnny Cash alifanya vizuri zaidi na mapema zaidi. Katika kipindi chake cha ABC kilichorekodiwa ukumbi wa Ryman, mwaka 1970 alimleta Louis Armstrong wakapiga pamoja wimbo wa Jimmie Rodgers, nyota wa mwanzo wa kantri, kwa kuwa Armstrong ndiye aliyepuliza tarumbeta kwenye rekodi ya kwanza ya wimbo ule, miaka arobaini nyuma. Hapakuhitajika mhadhara.

Mfikirie pia Charley Pride, ambaye sauti yake sisi wa Kenya tuliijua kwa redio pamoja na ya Jim Reeves na Don Williams. Nyimbo zake za kwanza, mwaka 1966, kampuni ilizisambaza kwa stesheni bila picha yake, ili watangazaji wa Kusini wasijue kuwa ni mtu mweusi kabla ya kumpenda. Redio ileile ninayoilaumu ilimpitisha mahali ambapo sura ingemkwamisha. Televisheni ilimwonyesha kwa heshima zote Novemba 2020, katika tuzo za CMA, akiwa na umri wa miaka 86. Mwezi uliofuata alifariki kwa maradhi ya Korona.

Na yule Rodgers wa Cash na Armstrong, aliyefariki 1933, ana habari yake huku kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo, aliwakuta wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu swala, mcheza ngoma. Ni Jimmie Rodgers, jina likiwa limepita katika ulimi wa Bonde la Ufa. Santuri ilikuwa imefika kijijini bila kofia na bila farasi, nao wakaipa sauti ile mwili walioutaka wenyewe.