Kati ya Mkarafuu na Wodi

Ukimwambia mtu kuwa wewe ni askari wa zimamoto Pemba, jambo la kwanza atakalokuuliza ni moto mkubwa kuliko yote uliowahi kuuzima. Nimeulizwa swali hilo harusini, hitimani na ndani ya boti ya Unguja, na kila mara jibu langu limewavunja moyo wanaouliza: jiko la uani, paa la makuti, banda la kuku, na siku moja gari lililokuwa limepakia magodoro. Ninaowakumbuka zaidi ni watu. Namkumbuka mtoto aliyetumbukia kisimani wakati mama yake amekwenda kuanua nguo, mzee aliyebanwa na gari ya ng'ombe kwenye mteremko, na vijana wa bodaboda wasiohesabika katika barabara ya Chake Chake kwenda Wete. Na msimu ukifika, wanakuwapo wachumaji wa karafuu.

Nianze na hao, kwa sababu Pemba hakuna nyumba isiyomjua mtu aliyeanguka mkarafuuni. Mkarafuu uliokomaa hupita mita 10 kwa urefu, matawi yake ni mepesi kukatika kuliko yanavyoonekana, na karafuu zenyewe huota kwenye ncha, mahali ambapo tawi ni jembamba kabisa. Mchumaji hulazimika kulivuta tawi kuelekea kwake huku mguu mmoja ukiwa umekanyaga tawi jingine asilokuwa na hakika nalo. Ongeza mvua ya asubuhi, ongeza ujira unaohesabiwa kwa pishi, ambao humfanya mtu aone kila dakika ya tahadhari ni hasara, na utaelewa kwa nini wanaanguka hata wale waliouparamia mti huo tangu utotoni. Serikali inalijua jambo hili. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lina utaratibu wa kuwafidia wachumaji wanaoanguka, nami naupongeza utaratibu huo kwa dhati. Hata hivyo fidia huja baada ya mtu kuumia, kutibiwa na kupimwa kiasi cha ulemavu wake, ilhali sehemu ya ulemavu huo, kwa wengine, hupatikana chini ya mti baada ya kuanguka, mikononi mwa watu wenye nia njema.

Nasema hivyo kwa kuwa mikono yangu imo.

Ilikuwa msimu mkubwa, nasi tulikuwa tukirudi kutoka kazi nyingine, tuliposimamishwa njiani na wanaume wanne waliombeba kijana mmoja, kila mmoja ameshika kiungo chake, huyu mkono na yule mguu, kiwiliwili kikining'inia katikati. Walipoiona sare walifurahi, wakamlaza chini mbele yangu kama mtu anayemrejeshea mwenyewe amana yake. Kijana alikuwa akisema. Alisema miguu inamfanya ganzi na mgongo unawaka. Gari letu halikuwa na nafasi ya kumlaza, nami niliona hospitali haiko mbali, basi nikaamuru akalishwe kwenye kiti cha nyuma, askari mwenzangu mmoja amshike huku na mwingine kule. Barabara ile ina mashimo. Tulipofika alikuwa haihisi tena miguu, na hadi leo haihisi. Siwezi kusema kwamba mimi ndiye niliyemlemaza, kwa sababu hakuna awezaye kujua uti wa mgongo wake ulikuwa umeumia kiasi gani alipoipiga ardhi. Siwezi pia kusema kwamba sikuchangia. Nilikuwa najua kukata chuma cha gari lililobonyea, kushuka kisimani kwa kamba, na kuingia kwenye moshi na mtungi wa hewa mgongoni, lakini sikujua kwamba mtu aliyeanguka kutoka juu hakalishwi.

Miaka baadaye nilijifunza jinsi ya kumnyanyua mtu wa namna ile, na niliona uchungu kwa jinsi jambo lenyewe lilivyo rahisi. Mmoja hupiga magoti kichwani mwa majeruhi, akakishika kichwa kwa mikono miwili, asikiachie hadi mwisho. Huyo ndiye mwenye amri, naye ndiye anayehesabu. Watatu hupanga mikono yao upande mmoja, begani, nyongani na magotini. Kwa hesabu moja humgeuza ubavu kama gogo, ili kichwa, shingo na mgongo vibaki kwenye mstari mmoja, na mtu wa tano husukuma ubao chini yake. Kisha hurejeshwa kwa hesabu ile ile na kufungwa, kifua kwanza, kichwa mwisho. Ubao maalumu ukikosekana, mlango ulio imara unatosha. Watu watano na mlango hawakosekani katika shamba lolote la karafuu.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Askari wa zimamoto anayetumikia Serikali katika visiwa hivi, na hasa Pemba, anapaswa kufundishwa, kuthibitishwa na kulipwa kama mhudumu wa tiba ya dharura, kwa sababu tayari anafanya nusu ya kazi hiyo, na ile nusu nyingine, asipoifanya yeye, mara nyingi haimkuti mtu wa kuifanya. Tazama mwendo wa majeruhi. Upande mmoja kuna zimamoto wenye ngazi, kamba na mashine za kukatia. Upande wa pili kuna hospitali: Abdalla Mzee pale Mkoani, iliyojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2016 kwa msaada wa China, hospitali za Chake Chake na Wete, na kwa wale wanaovushwa bahari, Mnazi Mmoja huko Unguja, ambako wapo hata wapasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Katikati kuna dakika 20, au 40, au zaidi kwa anayetoka kisiwa kidogo au shamba lisilofikiwa na gari, na dakika hizo hazina mwenyewe. Askari anaona kazi yake imekwisha mtu akishatolewa, na daktari anaona yake inaanza mtu akishaingizwa.

Siku hizi tunaona magari mapya ya kuzimia moto na ya kubebea wagonjwa yakikabidhiwa kwa sherehe, nami si katika wale wanaodharau sherehe hizo, kwa kuwa nimewahi kusukuma gari la zimamoto lililokataa kuwaka. Gari la wagonjwa, hata hivyo, lina thamani ya yule anayekaa nyuma yake. Asipokuwapo mtu anayejua kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, kutia dripu na kusoma mapigo ya moyo, gari hilo ni teksi yenye king'ora.

Kuwaunganisha zimamoto na tiba ya dharura si jambo la kubuni. Katika mji wa Seattle, Marekani, daktari wa moyo Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery walianzisha mwaka 1970 huduma iliyoitwa Medic One, ambamo askari wa zimamoto walifundishwa kuwatibu watu palepale walipoangukia, na miaka miwili baadaye wakaanza kuwafundisha raia wa kawaida kuufufua moyo uliosimama. Sababu yao haikuwa utajiri peke yake. Waliona kwamba vituo vya zimamoto vimeshatapakaa mjini, vina watu macho usiku na mchana, na vina magari yanayotoka ndani ya dakika moja, basi kwa nini huduma ya pili ijengwe upya kutoka chini? Leo katika miji mingi ya nchi ile wito mwingi wanaoupokea zimamoto ni wa wagonjwa, na moto umekuwa sehemu ndogo ya zamu. Sisi tuna sababu ile ile na pungufu ya fedha juu yake, jambo linaloifanya hoja iwe na nguvu zaidi kwetu kuliko kwao.

Tena hatuna wa kumsingizia. Zimamoto si jambo la Muungano, na afya si jambo la Muungano. Bara wana Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lao, sisi tuna Kikosi cha Zimamoto na Uokozi chetu, miongoni mwa Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na tofauti ya herufi chache kati ya uokoaji na uokozi ni ukumbusho mdogo kwamba hapa tunajipangia wenyewe. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kinafundisha fani za afya. Kinachohitajika ni wakubwa wa pande mbili kukaa meza moja na kukubaliana nani atamfundisha nani, nani atamsimamia, na askari akikosea sindano atajibu kwa nani.

Swali hilo la mwisho ndilo linalowatia wasiwasi madaktari, na wana haki. Nimewasikia wakisema kwamba askari aliyezoea kutii amri na kuvunja milango si mtu wa kupewa dawa. Jibu langu ni kwamba mafunzo yana madaraja. Nchini Marekani kozi ya ngazi ya chini ya uhudumu wa dharura huchukua takriban saa 150 hadi 200, ambazo ni miezi michache kwa mtu anayesoma baina ya zamu, na haimpi mwanafunzi ruhusa ya kuchezea dawa kali. Ngazi ya juu hupita saa 1,000, nayo ni ya wachache. Pemba ingeanza na ngazi ya chini kwa askari wote na ya juu kwa wawili watatu katika kila zamu, na mabaraza ya taaluma za afya yangekuwa na neno katika mitihani yao.

Wasiwasi ninaouogopa mimi ni mwingine, nao ni kusahau. Ujuzi wa mikono huoza usipotumika. Kukandamiza kifua cha mtu mzima kunataka kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kwa pumzi 2, na ubongo usiopata hewa huanza kuharibika katika dakika 4 hadi 6. Mtu aliyefundishwa hayo mara moja, akapewa cheti na kupigwa picha, baada ya mwaka atakandamiza kwa woga kana kwamba anapiga hodi. Mafunzo yasiyokuwa na marudio kila baada ya miezi kadhaa ni bora yasifanywe, maana yanampa mtu ujasiri asioustahili. Na kuna suala la malipo: ukimfundisha askari taaluma ya pili bila kumwekea cheo wala posho yake, utakuwa umemtayarishia hoteli za Nungwi mfanyakazi mzuri.

Bahari nayo inadai. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na kabla hatujamaliza kulia, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Kwa aliyezama maji, pumzi ndiyo inayotangulia mikandamizo, kwa sababu moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Mambo haya wavuvi wanayahitaji kuliko mtu yeyote, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiokota watu baharini asubuhi ile ya Nungwi. Hata Bukoba, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani tarehe 6 Novemba 2022, miongoni mwa wa mwanzo kufika alikuwa mvuvi kijana, ambaye Serikali iliagiza baadaye achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lilikuwa tendo jema. Ningependa tu tusingoje maafa ndipo tumpe mvuvi mafunzo.

Kuhusu majumbani nitasema kidogo, ingawa yapo mengi. Mitungi ya gesi imeingia katika majiko yetu kwa kasi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya pembeni, kwa hiyo anayenusa harufu afungue mlango na asiguse swichi. Na aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, mafuta ya nazi na ute wa yai vyote nimevikuta juu ya ngozi za watoto, na muuguzi hulazimika kuvikwangua kabla ya kuanza kazi yake, mtoto akipiga kelele za kusikika nje.

Wapo watakaonijibu kwamba ajali haina kinga. Nimelisikia neno hilo katika kila msiba niliouhudhuria, na mtu hulisema huku akitikisa kichwa, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei ya pishi. Juu ya kuanguka kwenyewe sina ubishi nalo, kwani tawi likikatika limekatika. Yanayofuata baada ya mwili kugusa ardhi ni kazi ya watu, na kazi ya watu inafundishika.

Msimu uliopita sheha wa shehia yetu aliniomba nikae na vijana wachumaji baada ya sala ya Alasiri. Tulitumia mlango wa banda la kuanikia, uliong'olewa bawaba zake, na kijana mmoja akajilaza chini akijifanya ameanguka. Mara ya kwanza walimnyanyua kwa mikono na miguu, kama ilivyo ada, nami sikuwakataza. Mara ya pili nilimweka kichwani mdogo kuliko wote na kumwambia yeye ndiye mwenye amri. Alipohesabu, wakubwa zake walicheka, na mmoja akageuza kabla ya hesabu kufika. Mzee mmoja aliyekuwa akichambua makonyo ya karafuu kando aliinua uso akasema, "Msikilizeni mtoto." Wakarudia. Ilipofika mara ya sita mgongo wa yule kijana haukupinda tena, na mlango tukauegemeza kwenye shina la mkarafuu wa mwanzo wa shamba, ambako ulikaa hadi msimu ukaisha.