Nauli ya treni bado ni 700, ati

Wiki iliyopita nimeamka nikapata ule mtandao wa kushea hadithi za safari ambao nimekuwa nikiutumia tangu nikiwa chuo umebadilika uso wote, rangi mpya, herufi kubwa kubwa, na pale juu kuna kibango kinatuambia karibu nyumbani upya. Sawa, tumekaribia. Siutaji jina juu sitaki vita na watu, na wale wanaoutumia washajua ni upi. Nimekaa nao hizi siku zote nikibonyeza kila kitu, ndani ya matatu, kwa foleni ya benki, usiku wakati stima imepotea, na nina maneno.

Kitu wamejigamba nacho sana ni muhtasari. Zamani ukitafuta mahali, tuseme Mombasa, ulikuwa unaletewa posti za watu, moja moja, unasoma mwenye aliibiwa simu, unasoma mwenye alikula pweza Mji wa Kale akaumwa na tumbo, mwishowe unajua kilicho mbele yako. Siku hizi akili mnemba inasoma hizo posti zote kwa niaba yako halafu inakupikia aya moja safi, imenyooka, haina makosa ya spelingi, na inaongea kama mtu ambaye ametoka huko jana.

Sasa shangazi yangu anaishi mtaa wa Umoja hapa Nairobi na ndiye mweka hazina wa chama chao, akina mama wanane ambao wamechangiana tangu mimi nikiwa msingi. Mwezi ujao wana harusi Mombasa. Mimi mwenyewe ndiye nilimwekea huo mtandao kwa simu kitambo, nikamwonyesha vile unatafuta, nikajiona nimesaidia. Jumamosi nikapita kwake nikamkuta kwa meza na ile kaunta buku ya chama, miwani iko chini ya pua, na ashapiga hesabu ikaisha: watu wanane mara 700, shilingi 5,600, amepiga mistari miwili chini kama mwalimu wa hesabu.

"Shangazi, hii nauli umeitoa wapi?"

"Si hapa kwa huu mtandao wako. Wamesema treni ni kati ya 700 na 1,500, nikaona sisi tuchukue ya 700, hatuna mambo mengi."

Nikacheka kwanza, halafu nikaona hachekeshwi. Ukiangalia vizuri yeye hana kosa. Ukiambiwa kitu ni kati ya hii na hii, Nairobi hii, unajua kuna ya chini na kuna ya juu na wewe unachagua kulingana na mfuko, kama vile unanunua nguo Gikomba. Lakini hii treni ya SGR, ya Nairobi kwenda Mombasa, haina hizo. Ilipoanza kubeba watu mwisho wa Mei 2017 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 700, ikiwa bei ya kuvutia watu, baadaye ikapanda ikawa 1,000, na kuanzia Januari 2024 ni 1,500. Daraja la kwanza nalo likatoka 3,000 likaenda 4,500. Kwa hivyo aliyeandika 700 aliandika ukweli, aliyeandika 1,000 aliandika ukweli, na aliyeandika 1,500 pia. Hakuna mtu alidanganya mahali popote. Ni hiyo mashine ndio imechukua ukweli wa miaka tofauti ikauchanganya kwa sufuria moja ikatoa uongo, na uongo wenyewe umeandikwa kwa lugha nzuri kuliko sisi wote.

Wanane mara 1,500 ni 12,000. Hiyo ni 6,400 zaidi ya vile shangazi alikuwa ameandika, na hapo ni kwenda tu, bado hujarudi, bado hujatoka pale kituo cha Miritini kuingia mjini, na bado hujafika Syokimau, kule treni inaanzia, kutoka Umoja na mabegi na keki ya harusi.

Na hii ndio kitu inaniuma, zamani tarehe ilikuwa hapo. Chini ya kichwa cha posti kulikuwa na kamstari kadogo, "nilisafiri Agosti 2018", ulikuwa unakajaza mwenyewe ukiandika. Kwa huu uso mpya wameitoa wakaificha ndani ya vile vidoti vitatu, ubonyeze, ushuke, ubonyeze tena maelezo zaidi, ndio uione. Sababu waliyotoa ni kwamba wanataka posti ambazo hazizeeki. Nikajiuliza, nauli gani hii haizeeki? Barabara gani? Hata ile ya Lamu, wenye walienda kitambo wanakumbuka vumbi imejaa mpaka kwa meno, na leo ukisoma hiyo posti bila tarehe unaweza ahirisha safari yako bure juu ya lami ambayo ishamwagwa. Kushuka Mokowe upande boti bado ni kule kule, hiyo haijabadilika, lakini utajuaje ni gani imebadilika na ni gani haijabadilika kama yote imevaa shati mpya?

Halafu kuna mambo ya kupanga. Posti zinapangwa kulingana na laiki. Inaonekana ni haki, watu wamependa, basi iende juu. Lakini fikiria kidogo tu: posti ya 2017 imekuwa hapo miaka yote ikiokota laiki, na ya mwezi jana iko na laiki nne, na mbili kati ya hizo ni za dadake mwenye kuandika. Kwa hivyo kadiri habari inavyozeeka ndivyo inavyopanda, na ile fresh inazama chini kabisa na klipu za watu wakiruka ndani ya bwawa la hoteli. Hii ingekuwa mtandao wa mapishi singesema kitu, chapati ya 2017 ni chapati. Safari ni kitu ingine.

Nilipomwelezea shangazi haya yote alinisikiza mpaka mwisho halafu akafunga kaunta buku. "Hata pakiti ya maziwa wanaandika tarehe," akasema, akaenda kuwapigia wenzake simu.

Haya, tusiwe watu wa kulalamika tu. Kuna kitu kimoja wamefanya nataka niwapigie makofi kabisa, na cha kushangaza kibango hakikukitaja, nilikigundua tu kwa bahati. Sasa unaweza kupakua ukurasa wa mahali ukae nao kwa simu bila intaneti, na ramani yake ndani. Mtu ambaye hajatoka Nairobi hawezi elewa hii ni baraka aina gani. Mimi nilienda Loiyangalani, kule Ziwa Turkana, na marafiki, ukitoka Nairobi mpaka Marsabit ni lami tupu, unapita Isiolo, unateleza, unadhani Kenya yote ni hivyo. Ukishaiacha hiyo lami uelekee ziwani unaingia kwa mawe meusi na upepo, na netiweki inakuaga bila kusema kwaheri. Tulikuwa na simu tano ndani ya gari na zote zilikuwa tochi. Kilichotusaidia ni karatasi, mmoja wetu alikuwa ameprinti posti ya jamaa fulani kwa saibakafe, ameandika mahali unapata mafuta, mahali usijaribu kupita mvua ikinyesha, na mzee wa kuulizia. Ile karatasi tuliikunja ikakunjuka mpaka ikaachana katikati. Leo hiyo ingekuwa ndani ya simu. Ahsanteni, kweli.

Lakini mkono huo huo unaotupa kitu unatunyang'anya kingine, juu hao hao wameweka klipu ambazo zinacheza zenyewe mara tu ukifungua. Hujagusa kitu, hujaulizwa, mtu anaanza kukupigia kelele na drone iko juu ya Diani na bando yako inayeyuka kama barafu juani. Mahali pa kuzima papo, nimepapata baada ya siku mbili, iko chini ya "mwonekano" badala ya "data". Nani anatafuta data kwa mwonekano?

Sasa kuna pini. Hii nataka niiseme polepole juu naona watu wanaifurahia bila kufikiria. Ukiweka picha, mtandao unasoma ile lokesheni ambayo simu huandika ndani ya picha yenyewe, na unachoma pini kwa ramani mahali hasa ulisimama. Hauulizi. Imewashwa tangu mwanzo, wewe ndiye wa kwenda kuizima. Kwa picha ya KICC haina shida, hata asiyeona anajua KICC iko wapi. Lakini kuna mtu amepiga picha boma la nyanya yake kule mashambani, nyumba, ng'ombe, na nyanya mwenyewe ameketi peke yake kwa veranda, na pini iko juu ya paa. Kuna mtu amepiga kifaru hapa kwa mbuga yetu ya Nairobi, na sisi wote tunajua kuna watu hawaangalii hiyo picha kwa sababu ya urembo. Na kuna kaya za Wamijikenda kule pwani, ile misitu yao mitakatifu ambayo UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2008. Kaya Kinondo wanapokea wageni, unaenda na mwongozaji wa kwao, unafungwa kaniki, unaambiwa nini ufanye na nini usifanye, na ni ziara nzuri sana nawahimiza. Lakini zingine wazee hawataki mtu aingie ovyo, ziko hivyo na zina sababu zao, na mimi nimeona kwa hiyo ramani pini imesimama katikati ya msitu kama bango la kuuza ploti.

Dawa yake si ngumu. Uliza kwanza. Pini iwe ya mji au ya kaunti mpaka mtu mwenyewe achague kuisogeza karibu. Na wangeweka kitufe cha kuchelewesha, nipige picha leo Nanyuki ionekane Jumatatu nikiwa nimerudi kwangu, hasa kwa wasichana wanaosafiri solo, kwani kuna haja gani dunia nzima ijue uko chumba gani saa hii?

Beji sitazizungumzia. Nimepewa ya "Mwanakasi wa Bonde la Ufa" juu niliposti Longonot, mlima ambao nilipanda nikihema kama gari la moshi la mkoloni, kilomita 3.1 mpaka mdomo wa kreta halafu 7.2 kuuzunguka, na lile vumbi lake la volkano laini kama unga wa ngano liliingia kwa viatu likatoka nikiwa Nairobi. Kasi ilikuwa wapi?

Na Kiswahili chao jamani. Wametuletea Kiswahili, na nafurahia, nilikuwa wa kwanza kubadilisha. Lakini inaonekana waliachia mashine ile ile. Kitufe cha kuhifadhi posti kimeandikwa "Okoa". Mkenya akiona Okoa kwa simu anajua anakopa kredo, wala hafikirii kuweka kitu kando. Rafiki yangu alikataa kukibonyeza siku tatu akidhani watamkata pesa. Wangemlipa mtu mmoja tu, hata mwanafunzi, akae alasiri moja ayapitie hayo maneno.

Mwisho kuna kitufe kipya cha kupakua vitu vyako vyote, posti na picha, kwa faili moja. Kimewekwa chini kabisa na wengi watakipita. Msikipite. Hii mitandao ya safari hufa. Panoramio ilikuwa na picha za dunia nzima, Google wakainunua 2007, wakaifunga 2016. VirtualTourist ilikuwa imejaa ushauri wa wasafiri wa miaka mingi, ikafungwa 2017. Ni biashara za watu, zikichoka zinafungwa. Mimi nimepakua zangu jana usiku, imechukua kama dakika kumi, na nilipofungua ile faili ndio nikapata aibu.

Posti zangu ni 41. Zenye nilijaza tarehe ya safari ni 12. Mimi ndiye hapa napiga kelele kuhusu tarehe, na ile posti yangu ya treni, ambayo kumbe iko na laiki mia tatu na kitu, inasema "nauli ni mia saba tu wasee, panda leo", na haina mwezi wala mwaka. Shangazi alikuwa amenisoma mimi.

Nimeshairekebisha, nimeandika Julai 2017 pale juu kwa herufi kubwa na bei ya sasa chini yake. Akina mama walikaa Jumapili wakaongeza mchango, wanaenda na treni. Mimi nimebakisha posti 28, na hii iko mbele yangu saa hii ni ya Mtito Andei, basi imesimama usiku, nimeposti picha ya chai na mahamri na nikaandika bei ya chai bila mwaka. Natafuta kwa hiyo picha kama kuna kalenda ukutani.